Waya Usiomo Kwenye Orodha

Mama Hamira alikuwa amekaa kitandani, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, akimweleza mgonjwa wa kitanda cha pili jinsi ya kukanda unga kwa mkono mmoja. Inspekta alisubiri somo liishe. Alikuwa na haraka, lakini miaka kumi na minne ya kazi ilikwisha kumfundisha kwamba shahidi anayekatizwa maneno hulipiza kisasi kwa kusahau.

"Kaa, mwanangu," Mama Hamira akasema hatimaye. "Najua umekuja tena kuhusu Fundi."

"Nimekuja kuhusu kitufe, mama."

Mwanamke huyu alikuwa ametia hamira katika kiwanda cha mikate kwa miaka ishirini na miwili, hata jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu. Jumanne asubuhi mashine ya kukandia unga, ile namba mbili, ilidaka mkono wa gauni lake, kisha ikaanza kuuvuta na mkono wenyewe.

"Nikabonyeza kile kitufe chekundu," alisema. "Mara tatu. Mashine haina habari. Bahati mwenzangu wa oveni akakimbilia swichi kubwa ya ukutani. Nikajikuta niko aridhini, naangalia dari, namshukuru Mungu."

"Mwaka jana kitufe hicho kilikuwa kinafanya kazi?"

"Sana. Aproni ya mwenzangu ilinaswa, nikabonyeza, mashine ikanyamaza papo hapo."

"Mashine hiyohiyo? Namba mbili?"

"Mwanangu, nimepoteza nusu kidole, sijapoteza akili. Nimebaki na vinne na nusu, na hiyo nusu nayo naishukuru."

Inspekta aliandika: *Mwaka jana kilifanya kazi.* Kando ya dirisha binti wa Mama Hamira alikuwa akimenya chungwa. Alivaa shati la kazi lenye nembo ya nyota ya bluu mfukoni, na macho yake yalionyesha kwamba hajalala vizuri tangu Jumanne.

"Sitaki Fundi afungwe," mama akaongeza. "Mtu aliyenitengenezea redio bure miaka yote hii hawezi kunikata mkono."

"Redio siyo ushahidi, mama."

"Basi huo ushahidi wako una kasoro."

* * *

Fundi mwenyewe alikuwa mahabusu, amekaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Kiwandani walimwita Fundi Kimya, na tangu akamatwe alikuwa akilitendea haki jina lake. Saa nane mchana faili lake lilitakiwa kufika kwa mwendesha mashtaka, kosa likiwa kuharibu mashine makusudi na kumjeruhi mtu. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi.

Inspekta aliweka mezani mfuko mdogo wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na waya mwekundu wa urefu wa shubiri moja, umekatwa pande zote mbili.

"Ulikutwa mfukoni mwako. Ni wa nani?"

"Wangu."

"Uliukata wewe?"

"Sikuukata."

"Aliukata nani?"

Fundi aligeuzia uso ukutani.

"Wiki moja kabla ya ajali uligombana na msimamizi wa ukaguzi mbele ya watu wote. Ulisema, 'Msiguse msichokijua, mtakuja kujuta.' Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Ulimaanisha nini?"

Fundi Kimya alitazama kucha zake. Inspekta alitoa karatasi nne zilizobanwa pamoja, kila moja na nyota ndogo ya bluu konani, orodha ya miunganisho ya kadi ya umeme inayoongoza mashine ile. Jana kutwa yeye na fundi umeme wa kituo walikuwa wameikagua kadi mstari kwa mstari, mistari mia mbili na kumi na minne, kila mmoja wakautia alama ya vema.

"Kila kilichoandikwa hapa kimo kwenye kadi," akasema. "Hakuna kilichopungua. Sasa huu waya wako umetoka wapi?"

Kwa mara ya kwanza yule mtu alishtuka. Aliiangalia orodha, akaangalia kwingine upesi.

"Hiyo orodha achana nayo, Inspekta," alisema. "Andika tu kwamba waya ni wangu."

Inspekta alitoka akiwa na jambo moja jipya. Mtuhumiwa hakuwa akiogopa waya. Alikuwa akiogopa karatasi.

* * *

Karatasi zenyewe zilikuwa hazimwambii kitu. Kila mstari ulikuwa na jina la njia ya umeme, kisha jina la kifaa na namba ya mguu wake unaogusa njia hiyo. UMEME, rilei, mguu wa kwanza. ARDHI, taa, mguu wa pili. Karakana iliyotengeneza kadi ilikuwa imeamua kuandika majina yote kwa Kiswahili ili mafundi wasihangaike, uamuzi mzuri kabisa, lakini mistari mia mbili inabaki kuwa mistari mia mbili. Aliyehitajika ni mtu wa kuigeuza iwe mchoro unaosomeka, na Inspekta alimjua mmoja tu.

Mwalimu wa Michoro alikuwa amestaafu, sasa akichora ramani za nyumba katika chumba kimoja nyuma ya duka la vioo. Alimtazama Inspekta mlangoni, kuanzia viatu hadi kofia.

"Kifutio," akasema.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Darasani kwangu ulikuwa unamaliza kifutio kwa wiki. Siku hizi unafuta nini?"

"Majina ya wasio na hatia, nikiwahi. Nina mpaka saa nane."

Alimweleza kwa ufupi. Mwalimu alipokea karatasi, akapekua, akauliza kama hakuna programu ya kompyuta ya kufanya kazi hiyo. Inspekta akamwonyesha kile ambacho programu ya kituo ilikuwa imekitoa, nyaya zimepandiana juu ya nyaya kama sufuria ya tambi.

"Imesema kweli yote, na hakuna mtu atakayeielewa," Mwalimu alisema. "Orodha ni kama majina ya wageni harusini. Inakwambia nani kakaa na nani. Haikwambii bibi harusi ni yupi. Nisomee."

Akatandika karatasi kubwa, akachonga penseli. Inspekta akasoma, Mwalimu akachora. Sheria zake zilikuwa zilezile za miaka ishirini iliyopita. Umeme juu, ardhi chini. Anayeamuru kushoto, anayetii kulia. Njia ya ardhi, ile ya kurudishia umeme, haivutwi kwa mstari mrefu kuzunguka ukurasa mzima. Kila mguu unaoigusa unachorewa alama yake ndogo, vistari vitatu vinavyopungua kwenda chini, basi. Kidogo kidogo ule msitu ukawa na mitaa. Pale juu kulia ikatokea mota, chini yake rilei, swichi ndogo inayoiwasha, na kushoto kabisa kitufe chekundu.

Ilipofika saa tano na nusu mchoro ulikuwa umekamilika, na Inspekta aliweza kuusoma kwa kidole, yeye aliyepata alama thelathini na moja katika mtihani wa mwisho. Ukibonyeza kitufe, njia iitwayo SIMAMA inaguswa na ardhi, rilei inaachia, mota inanyamaza.

"Mimi ningeiunda vingine," Mwalimu alisema. "Kitufe cha hatari kinapaswa kukata njia, siyo kuiunga. Lakini hii nayo inasimamisha mashine."

Inspekta akaondoa kidole. "Kwa hiyo kadi ni nzima."

"Kwa mujibu wa mchoro, nzima."

"Na haikusimamisha mashine. Basi kuna aliyeichezea."

Aliyekuwa na waya mfukoni alikuwa mmoja. Inspekta alikusanya karatasi zake, akavaa kofia. Alikuwa amekuja kumtafutia mtu mlango wa kutokea, na badala yake alikuwa amempigia kufuli la pili.

"Kifutio, kaa chini," Mwalimu akasema. "Mchoro usiohesabiwa haujaisha. Nilikufundisha nini?"

"Kuhesabu njia."

"Mwisho wa orodha wamesema njia ngapi?"

Inspekta akafunua ukurasa wa nne. "Sitini na mbili."

Mwalimu alihesabu kwa ncha ya penseli, midomo ikicheza. Alihesabu tena kutoka upande wa pili.

"Hapa zipo sitini na moja. Kuna njia tumeimeza."

Wakaanza upya, safari hii Mwalimu akisoma na Inspekta akitia rangi kila njia iliyokwisha kuonekana. Mwalimu alikuwa mzee na macho yake hayakuwa mazuri, kwa hiyo alisoma akiwa ameweka rula chini ya kila mstari, herufi kwa herufi, polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Usomaji huo ndio uliowaokoa.

"Ardhi, taa, mguu wa pili. Ardhi, kengele, mguu wa pili. Ardhi, rilei, mguu wa nne. A, ri, dhi..." Akanyamaza. "Kifutio. Njoo usome hapa."

Inspekta aliinama. Mistari thelathini na moja ya ARDHI ilishuka mmoja chini ya mwingine, na wa thelathini na mbili, mguu wa pili wa kitufe, ulisema ARIDHI.

"Mimi nilisoma 'ardhi'," akasema.

"Mimi nikachora ardhi. Na jana mkaitia vema." Mwalimu alivua miwani. "Mtu akisikia 'aridhi' anajua umesema nini. Nusu ya watu ninaowajua wanasema hivyo. Lakini mashine iliyotengeneza kadi haisikii, inalinganisha herufi. Kwake yeye hizi ni njia mbili. Moja ina miguu thelathini na moja. Nyingine ina mguu mmoja."

Alichukua kifutio. Akafuta alama ya ardhi chini ya kitufe, akaacha kimstari kifupi kinachoning'inia bila kugusa chochote, akaandika pembeni yake neno hilo na ile *i* yake.

Inspekta aliutazama mchoro mpya. Kitufe chekundu kilikuwa hakijafungwa popote. Ungeweza kukibonyeza mpaka kesho.

"Lakini mwaka jana kilisimamisha mashine," alisema polepole. "Mama Hamira anaapa. Kwa hiyo mwaka jana kuna kitu kilikuwa kinaunga mguu huu na ardhi, kitu kisichomo kwenye orodha." Aliikumbuka kadi aliyoikagua jana, akapima kichwani kutoka kwenye kitufe hadi kwenye ardhi iliyo karibu zaidi. "Kama shubiri moja."

"Waya mwekundu?"

"Waya mwekundu. Fundi hakuharibu mashine. Aliitengeneza."

Alisimama, akakumbuka jambo, akageuka. Miaka ishirini iliyopita mtu huyu alimfelisha, kisha akabaki naye darasani kila Alhamisi baada ya masomo, muhula mzima, bila kuombwa na bila kulipwa. Inspekta hakuwahi kumshukuru.

"Mwalimu, asante. Kwa leo, na kwa zile Alhamisi."

"Umechelewa miaka ishirini," Mwalimu alisema, akitafuta miwani iliyokuwa mkononi mwake. "Lakini napokea. Nenda."

* * *

Swali lililobaki lilikuwa nani aliukata, na jibu lilikuwa ndani ya faili tangu siku ya kwanza. Inspekta alilisoma tena akiwa kwenye ngazi za kiwanda, mstari mmoja wa ripoti ya ukaguzi aliokuwa ameuruka kwa sababu ulihusu usafi: *Mashine namba mbili, uchafu mmoja umeondolewa.*

Msimamizi wa ukaguzi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Orodha asipokuwepo, alikuwa na kalamu nne mfukoni na meza isiyo na vumbi.

"Huo uchafu ulikuwa nini?" Inspekta aliuliza.

"Waya. Mwekundu. Umeungwa kienyeji nyuma ya kadi."

"Ukaufanyaje?"

"Nikaukata, nikautupa kwenye pipa. Haukuwemo kwenye orodha." Alisema kwa fahari ya mtu aliyetimiza wajibu. "Kisicho kwenye orodha hakina ruhusa ya kuwemo kwenye mashine. Yule Fundi alinipigia kelele nisiguse, nami sikubali kupigiwa kelele. Jumatatu nikasubiri aende kula."

"Mashine namba moja na namba tatu?"

"Bado. Nazo zina uchafu huohuo. Nilipanga kuziondolea kesho."

Inspekta alitandaza mchoro juu ya meza ile safi, akaweka kidole chake kwenye kimstari kinachoning'inia. Alieleza mara moja tu. Bwana Orodha alikuwa mwepesi wa kuelewa, hilo lazima asifiwe. Alikaa chini, akazitoa kalamu zote nne mfukoni, akazipanga, akazirudisha.

"Nilidhani nasafisha," alisema.

"Najua. Andika hivyohivyo, utie sahihi. Na usiguse namba moja wala namba tatu."

* * *

Saa saba na dakika kumi mkuu wa kituo alisoma maelezo ya Bwana Orodha mara mbili, akautazama mchoro, akaandika juu ya faili kwamba mtu huyo aachiliwe. Fundi Kimya alirudishiwa mkanda wake na saa yake. Hakuonekana kufurahi.

"Ulijua kosa liko kwenye orodha," Inspekta alimwambia koridoni. "Uliliona tangu mashine zilipofungwa. Ukaunga nyaya tatu, ukakaa kimya, na baada ya ajali ukauokota ule mmoja kwenye pipa. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Chako nusura kikufunge miaka saba. Unamficha nani?"

"Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kazi," alisema. "Mimi ndiye niliyemwombea nafasi. Anaandika kama anavyosikia nyumbani kwao."

Inspekta alikumbuka nyota ya bluu kwenye kona ya kila ukurasa wa orodha. Alikumbuka chungwa, na shati. Kisha akakumbuka sauti kitandani ikisema *nikajikuta niko aridhini*.

"Binti wa Mama Hamira," akasema.

"Akijua ni herufi yake iliyomkata mama yake, atabeba maisha yake yote. Mkono utapona. Mimi mmeshaniachia. Kuna haja gani?"

"Orodha hiyo imetengeneza kadi ngapi?"

Alisita. "Kumi na mbili. Tatu ziko hapa."

"Na tisa?"

"Nilimwomba bosi wa karakana anitajie ziliko. Akasema si kazi yangu."

"Twende hospitali," Inspekta alisema. "Na leo utasema."

* * *

Fundi hakuhitaji kusema. Binti alipoona mchoro mkononi mwa Inspekta aliupokea kwa hamu ya kazi. Alikuwa ameipiga chapa orodha ile mstari baada ya mstari na hakuwahi kuiona ina sura. Aliufuata kwa kidole kuanzia kushoto, kama alivyofundishwa. Alipofika kwenye kitufe, kidole kilisimama.

"Huu mguu mbona uko peke yake?" akauliza. Kisha akasoma kwa sauti, "Aridhi."

Chumba kizima kilimsikia, na yeye mwenyewe akajisikia.

"Ni mimi," alisema. "Mama, ni mimi."

Inspekta alieleza taratibu, bila kupunguza wala kuongeza, na alipomaliza binti alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda. Mama Hamira alimwekea mkono mzima kichwani.

"Aridhi," mama akasema, akiuonja mdomoni. "Kumbe haisemwi hivyo? Mama yangu alisema hivyo, nami nikakupa hivyohivyo. Basi hiyo *i* ni yetu wote watatu, na mmoja wetu ameshakufa. Usijitwishe peke yako."

"Ningekuua."

"Hukuniua. Mwaka mzima Fundi alisimama katikati. Ngapi zimebaki?"

Ni Inspekta aliyejibu kwamba ni tisa, na binti akainuka. Alijifuta uso kwa mkono wa shati, akatoa simu, akaenda dirishani. Walimsikia akimwambia bosi wake kwamba anataka anwani sasa hivi, na kwamba kama ni kufukuzwa afukuzwe baada ya kupewa anwani. Akapiga simu ya kwanza, ya pili, ya tatu. *Msiiwashe. Tafadhali msiiwashe, nakuja mwenyewe.* Ya saba ilikuwa mashine ya kusaga, na msimamizi wake alisema ameweka mahindi tayari na mkono uko kwenye swichi. Akautoa. Ya tisa ilipopokewa, Inspekta alijikuta amefumba macho na anashukuru, wala hakujali nani anamwona.

Fundi Kimya, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, aliona kazi imekwisha, akaanza kurudi nyuma. Binti akamzibia njia.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na hukuniambia. Ningerekebisha siku hiyohiyo. Zote kumi na mbili."

Alikubali kwa kichwa. "Nilikosea," alisema. "Nilidhani nakusaidia."

"Mwanangu," mama aliita kutoka kitandani, "mshukuru mtu kwanza. Kumgombeza utamgombeza baadaye, na una haki."

Binti alimshukuru. Hakuwa na maneno mengi, na aliyapata kwa shida, akiwa ameishika mikono ya Fundi yote miwili. Fundi aliangalia viatu vyake, akasema haidhuru, akageukia mlango tena.

"Wewe," Mama Hamira akasema. "Wanasema tenda wema nenda zako. Leo huendi zako. Vuta kiti, ukae, nikushukuru mpaka nichoke."

Alivuta kiti akakaa. Alipokea kipande cha chungwa, akakishika bila kukila. Baada ya muda alimwinamia Inspekta na kumuuliza kwa sauti ndogo kama ule waya wake bado unahitajika kwenye faili.

"Kwa nini?"

"Mashine namba mbili haina," alisema. "Kesho asubuhi watakanda."

Inspekta alifungua mkoba, akautoa mfuko wa nailoni, akamwekea mkononi.